Kindu: Mwenye kuumia rohoni anapita wapi kabla ya kufika kwa muuguzi?

Mjini Kindu, mtu akivunjika mguu jamaa wanajua njia: kituo cha afya, kisha hospitali kuu. Lakini mama asiyepata usingizi tangu watu wenye silaha walipopita kijijini kwake, au kijana anayesema peke yake njiani, anazungushwa kwanza kwingine. Wazee wa ukoo wanaketi. Mganga wa kienyeji anaitwa, au mgonjwa anapelekwa kwenye chumba cha maombi. Muuguzi anamwona mwisho, na mara nyingi pesa zimekwisha.

Huu si ujinga. Hospitali za akili zinazojulikana zaidi mashariki ni Sosame ya Bukavu na Tulizo Letu ya Goma. Barabara ya kwenda huko ilikuwa mbaya tangu zamani, na tangu M23 ilipoteka Goma Januari 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata, safari imekuwa ngumu zaidi. Maniema nayo imebeba mengi: uasi wa Simba mwaka 1964, kisha RCD iliyoteka Kindu Oktoba 1998, na mapigano na Mai-Mai yaliyofuata.

Yako mambo ambayo wazee wanayajua vizuri. Kwenye matanga mfiwa haachwi peke yake. Watu wanalala kwake, wanapika, wanalia naye. Kwa Balega wa Pangi kuna Bwami, chama cha wanaume na wanawake kinachofundisha utu kwa methali na ngoma. Wabelgiji walikipiga marufuku mwaka 1948, lakini mafundisho yake hayakufa.

Ila matanga ni ya kifo. Mwanamke aliyebakwa hana matanga. Baraza la wanaume si mahali pa kueleza jambo lile, na wengine wamefukuzwa na waume zao.

Kwa hao, jibu moja limepimwa karibu na hapa. Katika vijiji 15 vya Kivu Kusini na Kivu Kaskazini, wanawake 405 waliopitia ubakaji au kuushuhudia walifuatiliwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2013. Wasaidizi hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa Kongo waliofundishwa na kusimamiwa, wakiketi na vikundi vidogo na kuchambua mawazo kama "kosa ni langu". Wasiojua kusoma walijifunza kwa kukariri. Miezi sita baadaye, 9 kwa mia tu bado walikuwa na dalili za huzuni kubwa au wasiwasi. Kwa waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja, walikuwa 42 kwa mia.

Maniema si mgeni wa kazi ya namna hii. Miaka ya 1970 mradi wa Kasongo ulionyesha kwamba muuguzi wa kituo kidogo, akisimamiwa vizuri, anaweza kutibu magonjwa mengi. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata uliwahesabu waganga wa jadi, pale wanapohitajika, kati ya watu wa afya. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa kumwezesha muuguzi asiye bingwa kutibu huzuni kubwa, wazimu na kifafa.

Mpaka upo, na mganga anapaswa kuujua. Mgonjwa anayefungwa kamba au kunyimwa chakula haponi, anateswa. Na mwenye kifafa anahitaji dawa kila siku: fenobarbital ni ya bei ndogo, ila akiiacha ghafla, hata kwa sababu ameombewa, degedege linaweza kurudi na nguvu zaidi.