ULANZI WA IGWACHANYA NA KINYWAJI CHETU CHA SIKUKUU

Wengi katika wanachama wetu hawanywi ulevi, wala makala haya hayakuja kuwafundisha. Lakini mkulima hujifunza kwa mkulima mwenziwe, na wako wakulima wa Bara ambao kinywaji chao cha sikukuu hutoka shambani kwa mkono na kisu. Hao ni watu wa Igwachanya, makao makuu ya Wilaya ya Wanging'ombe, katika Mkoa wa Njombe ulioanzishwa mwaka 2012. Kinywaji chenyewe ni ulanzi.

Ulanzi ni maji ya mmea uitwao mlanzi, ulio wa jamii ya mwanzi. Mvua zinyeshapo, machipukizi huchomoza shinani. Kabla chipukizi halijakomaa, mgema hukata ncha yake na kuifungia chombo cha mwanzi kiitwacho mbeta, maji yadondokee humo. Asubuhi na jioni hurudi, humimina kilichopatikana, kisha huchonga ncha kidogo tena ili isizibe. Sisi wa pwani twamjua mgema wa mnazi. Kazi ni ile ile, ila huyu wa Igwachanya hana haja ya kupanda juu.

Maji hayo yakiwa mapya ni matamu, nayo huitwa mtogwa. Hayatiwi hamira; chachu iliyomo hewani na katika mbeta hufanya kazi yenyewe. Baada ya saa chache huanza kuchacha, na ulevi wake hufika kiasi cha asilimia 5. Yakiachwa zaidi huwa makali, hata mwisho yakaharibika. Basi ulanzi hauwekwi ghalani. Karafuu iliyoanikwa juani siku tatu au nne ikakauka vema yaweza kungoja miezi. Ulanzi wa leo wataka mnunuzi wa leo.

Noeli na Mwaka Mpya huangukia majira ya mvua, na hapo ndipo penye mtihani. Jamaa wamerudi kutoka mijini, vilabu vimejaa, fedha i mlangoni. Mwenye mlanzi hushawishika kugema kila chipukizi alionalo. Lakini chipukizi lililogemwa halikui tena kuwa mwanzi. Shina lisiloachiwa machipukizi ya kukomaa hudhoofika, na miaka ifuatayo mwenyewe hukosa ulanzi, hukosa na mianzi ya vikapu na ua. Mgema mwenye akili huacha machipukizi kadhaa katika kila shina, hata wanywaji wakipiga hodi.

Kishawishi cha pili twakijua kwa methali: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Maji yakiwa machafu, wageni wa sikukuu huondoka na maradhi ya tumbo, na mgema hupoteza jina lake.

Je, sisi tu salama? Mchumaji alipwaye kwa pishi hufanya haraka, akavuta tawi mpaka likavunjika. Tawi hilo halitazaa msimu ujao. Tena yuko atiaye makonyo na karafuu zisizokauka ndani ya gunia ili lizidi uzito. Kilo 3 za karafuu mbichi hutoa kama kilo 1 tu ya kavu, kwa hiyo unyevu humvutia mwenye tamaa. Lakini karafuu mbichi huingia ukungu, na daraja hushuka. Mwenye shamba asimame na wachumaji wake, na gunia lifungwe baada ya kuchambua.

Na kwa sikukuu yetu, hiki hapa kinywaji kisicholevya. Kwa vikombe 5 vya maji, tia karafuu 4, iliki 4 zilizopondwa, kipande cha mdalasini na tangawizi iliyotwangwa. Chemsha dakika kumi, tia majani ya chai, chuja, kisha tia sukari upendavyo. Chagua karafuu nzima, zenye vichwa, zilizokauka vema. Mgeni anayekuja kwako aonje kazi yako iliyo bora, si masazo ya jamvini.