Faida na Gharama ya Udogo katika Betri za Lithiamu

Betri ya lithiamu inapochajiwa, ioni za lithiamu huondoka katika elektrodi chanya, hupita katika elektroliti na kuingia katika elektrodi hasi. Betri inapotumika, ioni hurudi zilikotoka, nazo elektroni hupita katika waya wa nje na kutuwashia taa. Basi uwezo wa betri hutegemea sana idadi ya ioni ambazo elektrodi zaweza kupokea.

Tangu betri hizi zianze kuuzwa mwaka 1991, elektrodi hasi imetengenezwa aghalabu kwa kaboni, hasa grafiti, ile ile iliyomo katika penseli. Atomu 6 za kaboni hupokea ioni 1 tu ya lithiamu. Hivyo gramu 1 ya grafiti huhifadhi chaji ya miliampea-saa 372. Silikoni, elementi ipatikanayo tele mchangani, ni karimu zaidi. Atomu 4 za silikoni hupokea lithiamu 15, na gramu 1 huhifadhi miliampea-saa zaidi ya 3,500.

Mbona, basi, grafiti haijaachwa? Sababu ni kwamba wageni hao huhitaji nafasi. Grafiti iliyojaa lithiamu hutanuka kwa asilimia 10 hivi, lakini ujazo wa silikoni huongezeka kufikia karibu mara 4. Ioni zikitoka, silikoni hunywea. Baada ya kuchajiwa mara chache tu punje zake hupasuka, vipande hukosa mgusano na bamba la metali lipitishalo umeme, na betri hufifia.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakiongozwa na Yi Cui, walieleza elektrodi ya nyuzi za silikoni zenye unene wa nanometa 100 hivi. Nanometa 1 ni sehemu moja ya bilioni ya meta. Nyuzi hizo zilitanuka katika nafasi zilizo baina yao bila kuvunjika. Mwaka 2012 ilidhihirika kwa hadubini ya elektroni kwamba punje za silikoni zenye kipenyo kisichozidi nanometa 150 hivi hazipasuki, kwa kuwa nishati ya mkazo iliyomo ndani ya punje ndogo haitoshi kuendeleza ufa.

Hata hivyo, udogo una gharama yake. Chukua mchemraba wenye ubavu wa sentimeta 1. Eneo la nyuso zake ni sentimeta mraba 6. Ukatwe uwe michemraba yenye ubavu wa nanometa 100: jumla ya eneo itakuwa meta mraba 60, yaani kama sakafu ya darasa! Juu ya eneo hilo lote elektroliti huungana na lithiamu na kufanya utando. Kila silikoni itanukapo utando hupasuka, mwingine hufanyika, na lithiamu huzidi kupungua. Ndiyo maana watafiti huzifunika punje kwa kaboni, na baadhi ya betri zinazouzwa leo huwa na silikoni kidogo tu iliyochanganywa na grafiti.

Mwanafunzi na akokotoe: ubavu ukiwa nanometa 10, eneo litakuwa kiasi gani? Kisha ajiulize kama betri hiyo ingefaa.