Mkwanja wa Kutengeneza Vifaa vya Hosi Uko, Lakini Msee wa Hagadera Anaufikiaje?

Kama una wazo la app ya kuuza viatu, unaweza kuanza na laptop ya kuomba na bando za mia. Lakini kama wazo lako ni kifaa cha hosi, kitu ya kupima damu ama kusaidia mtoi kupumua, hiyo ni ligi ingine. Huwezi kuzindua Ijumaa ukisema utarekebisha makosa Jumatatu, juu kuna mtu anaweza kufa wikendi. Ndio maana kuna programu za kushika mkono statapu za vifaa vya matibabu zikiwa bado changa, zinapeana mkwanja pamoja na mamenta. Na ndio maana hizo programu zinauliza maswali mob kuliko mama mkwe.

Leo tunazicheki kutoka Hagadera. Ukishaelewa venye msee wa huko anaweza kupenya, wewe wa Umoja ama Eastleigh hauna kisingizio.

Kwa wale hawajawahi toka Nairobi: Hagadera ni moja ya kambi za Dadaab, pamoja na Ifo na Dagahaley. Iko Fafi, kaunti ya Garissa, kama kilomita 100 kutoka Garissa town, na imekuwa hapo tangu mwanzo wa miaka ya 90. Kuna watu wamezaliwa hapo, wakasoma hapo, sai wana watoi wao. Hosi kubwa ya Hagadera kwa miaka imeendeshwa na IRC. Jua ni la kuchoma, 35 na zaidi ni siku ya kawaida tu, na vumbi inaingia mpaka kwa chai.

Sasa chukua kifaa kimoja, mashini ya oksijeni, ile inaitwa konsentreta. Inavuta hewa ya kawaida, inaipitisha kwa kemikali inaitwa zeolaiti, hiyo zeolaiti inashika naitrojeni, na kenye kinatoka upande ule mwingine ni oksijeni ya kumpea mgonjwa. Haihitaji kujaza mitungi, haihitaji lori ya kutoka Nairobi. Safi kabisa. Shida ni kwamba nyingi zimeundwa zifanye kazi kwa joto lisilopita 40. Vumbi inaziba filta. Stima ya jenereta ikiruka juu ama ikishuka, ubao wa ndani unaungua. Mashini ambayo ingekula miaka kwa hosi ya Ulaya inaweza kulala chini mapema sana hapa.

Na hii si stori ya jaba. Utafiti uliochapishwa 2011 uliangalia vifaa vya matibabu kwa nchi maskini kadhaa, ukapata karibu 40% havifanyi kazi. Karibu nusu ni mapambo! Imagine wodi ya watoi iko na mashini tano na mbili ni za kuwekea mafaili juu.

Hapo ndio msee wa Hagadera ako na kitu wasee wa maofisi hawana. Fundi wa simu kwa soko ya Hagadera anajua vumbi, anajua stima ya jenereta, anajua kuokoa ubao umeungua bila kuagiza spea kutoka China. Nasi ama mkalimani wa hosi anajua ni mashini gani huzima saa nane usiku. Wafadhili wanaita hiyo “kuelewa tatizo”, na kwa fomu zao ndio swali la kwanza. Watu hulipa washauri doo mrefu ndio waandikiwe jibu la hilo swali.

Sasa mkwanja unakujaje? Kwa mawimbi. Wimbi la kwanza ni mdogo, wa kukusaidia kutengeneza sampuli ya kwanza na kuthibitisha shida iko. La pili ni la kujaribu kifaa kwa wagonjwa wakweli, na hili ndio hukula pesa na miaka. La tatu ni la kutengeneza mingi na kuuza. Ruzuku ama zawadi haurudishi na haupeani hisa. Mwekezaji naye anakupa doo, anachukua kipande cha kampuni. Ukichukua mwekezaji kwa wimbi la kwanza, wakati kampuni yako bado haina thamani, anaondoka na kipande kikubwa kwa bei ya ugali matumbo. Kwa maoni yangu, msee wa vifaa vya hosi apige ruzuku na zawadi mpaka ziishe ndio aongee na wawekezaji.

Cheki Brian Gitta wa Uganda. Akiwa Makerere, yeye na mbogi yake walianza Matibabu, kifaa cha kubana kidole kinachoangalia malaria kwa kutumia mwanga, bila sindano, majibu yanakuja kwa simu. Juni 2018, hapa Nairobi, wakashinda Africa Prize ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Pauni 25,000, zaidi ya milioni 3 za Kenya wakati huo. Gitta alikuwa na miaka 24. Kenye watu husahau ni kwamba walikuwa wameianza miaka mitano nyuma, na hata siku ya kushinda kifaa kilikuwa bado kwa majaribio.

Ama Pumani, mashini ya kusaidia watoi wachanga kupumua. Ilianza kama mradi wa wanafunzi wa Rice University, Marekani, ikapata ruzuku ya Saving Lives at Birth, ikapelekwa Malawi kujaribiwa kwa hosi ya Queen Elizabeth, Blantyre. Matokeo yalichapishwa 2014: kati ya watoi waliowekewa, 71% waliishi. Waliopata oksijeni ya kawaida ni 44%. Hizo namba mbili ndio zilifungua milango yote iliyofuata. Hakuna pichi tamu inaweza kushinda hiyo.

Linganisha na venye sisi hupenda vitu. Aprili 2020, wanafunzi wa Kenyatta University walionyesha ventileta yao, Tiba-Vent, na nchi mzima ikashea picha. Kazi safi. Lakini kushea si kujaribu, na kati ya meza ya maonyesho na wodi kuna barabara ndefu ya vipimo na vibali ambayo hakuna mtu huiweka kwa status.

Milango sasa. Villgro Africa iko Nairobi tangu 2015, na shughuli yake ni statapu za afya: mkwanja wa mbegu na mamenta wa kukaa na wewe. Africa Prize inachukua mainjinia wa Afrika kusini mwa Sahara, inawachuja, na walioteuliwa wanapewa mafunzo ya miezi kadhaa hata kama hawatashinda. Mi naona hayo mafunzo ndio zawadi yenyewe. Tony Elumelu Foundation inapeana dola 5,000, kama laki sita na kitu, kwa Mwafrika yeyote mwenye biashara Afrika, na fomu kawaida hufunguliwa Januari 1. Haiwezi kumaliza kifaa cha hosi, lakini sampuli ya kwanza inatoka. UNHCR nayo ina mfuko wa uvumbuzi wa mashirika yanayoongozwa na wakimbizi wenyewe. Na kuna Creating Hope in Conflict, inayosimamiwa na Grand Challenges Canada, ya suluhu za sehemu zenye vita na watu waliohama.

Hapo kuna ngori ya kujua. USAID ilikuwa kati ya wafadhili wa Saving Lives at Birth na pia Creating Hope, na USAID ilifungwa rasmi Julai 1, 2025. Kwa hivyo ukiona posti ya zamani inasema “apply sasa”, hakikisha huo mlango bado uko kwanza.

Menta naye anafanya nini? Mzuri anakuuliza maswali yenye hutaki. Nani atalipia hiki kifaa? Kwa kambi, mgonjwa hanunui mashini. Hosi ni ya shirika, na anayeamua anaweza kuwa ameketi Nairobi, ama Copenhagen penye UNICEF ina kitengo chake cha ununuzi. Ikiharibika nani atarekebisha? Kifaa kiko daraja gani? Pharmacy and Poisons Board inapanga vifaa kutoka A mpaka D kulingana na hatari, na filta ya nje ya konsentreta si sawa na kitu unaweka ndani ya mtu. Ukianza na kitu cha hatari ndogo unaokoa miaka.

Kujaribu kwa watu kunahitaji kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI. Ndani ya kambi unahitaji pia ruhusa ya Department of Refugee Services. Bila hizo, hata matokeo yakiwa moto, hakuna mfadhili atayagusa.

Halafu kuna karatasi zako mwenyewe, na hapa ndio wengi hukwama. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi na biashara. Kwa karatasi ni fiti. Kwa barabara, mkimbizi bado anahitaji pasi ya kutoka kambini, na pichi ni Westlands Jumanne saa tatu asubuhi. Kuna pia maelfu ya Wakenya wa Garissa ambao wazazi waliwaandikisha kama wakimbizi wakati wa ukame ndio wapate chakula, na baadaye wakanyimwa kitambulisho juu alama za vidole ziko kwa rejista ya wakimbizi. Bila ID hakuna kampuni, bila kampuni hakuna akaunti, bila akaunti ruzuku inaingia wapi?

Njia yenye naona inafanya kazi ni kuungana. Mbogi ya Hagadera ilete tatizo na ufundi, North Eastern National Polytechnic ama Garissa University ilete karakana na jina la kuandika kwa fomu, hosi ilete daktari. Lakini kabla mtu yeyote aguse kalamu, andikeni nani anamiliki nini. Ukiingia bila hiyo karatasi, usishangae kuona kifaa chako kwa TV na jina lako limeandikwa “jamii ya wenyeji”. Na kabla ya kumwaga michoro yote TikTok ongea na KIPI, juu kitu ikishakuwa hadharani unaweza kupoteza nafasi ya hataza.

Ukitaka kuanza wiki hii bila doo, chukua daftari. Uliza hosi ruhusa, kisha kwa siku 30 andika ni mashini gani ilizima, saa ngapi, joto lilikuwa ngapi, stima ilikuwa ya wapi, na ilichukua siku ngapi kurudi. Usiandike jina la mgonjwa yeyote. Hiyo daftari ikijaa, upeleke kwa programu yoyote kati ya hizo juu, na uanze pichi na ukurasa wa kwanza.