Kiholanzi kwa Waswahili (4): Neno dogo, kitenzi mbali

Wiki iliyopita tuliona kwamba katika sentensi ya kawaida ya Kiholanzi kitenzi hukaa nafasi ya pili. Leo tutazame viunganishi, maana ndivyo vinavyokihamisha.

Mswahili akisema "nabaki nyumbani kwa sababu naumwa", yamekwisha. Mholanzi sharti achague. Akitumia "want", mpangilio hautikisiki: *Ik blijf thuis, want ik ben ziek*. Akitumia "omdat", kitenzi "ben" hupelekwa mwisho: *Ik blijf thuis, omdat ik ziek ben*. Sababu ni ile ile. Ila "want" huunga vishazi viwili vilivyo huru, kama zifanyavyo "en" (na) na "maar" (lakini). "Omdat" hukifanya kishazi chake kuwa tegemezi. Kwa hiyo "omdat" yaweza kutangulia: *Omdat ik ziek ben, blijf ik thuis*. "Want" haitangulii hivyo, na ukiulizwa "Waarom?" (kwa nini?) usianze jibu nayo. Tazama pia "ben, blijf": vitenzi viwili vimekutana mkatoni. Si kosa. Kishazi kizima kimeshika nafasi ya kwanza, na kitenzi cha kishazi kikuu kiko pale pale pa pili.

"Daarom" (ndiyo maana) huwaponza wengi, kwa kuwa ni kielezi kilichovaa kanzu ya kiunganishi. Kikianza, kitenzi hukifuata, mtenda nyuma yake: *Ik ben ziek, daarom blijf ik thuis*.

Kwenye wakati, Kiswahili chetu kinasaidia kuliko vitabu vingi vya sarufi. Penye "-lipo-" ya tukio au kipindi kimoja kilichopita, weka "toen": nilipokuwa mdogo, *toen ik klein was*. Penye "-ki-" ya sharti, weka "als": mvua ikinyesha, *als het regent*. Tahadhari moja tu: "kila nilipokwenda" ni mazoea, nayo huchukua "als" hata kama yamepita.

"Kama" ndiyo yenye mtego. "Sijui kama atakuja kesho" si "als" hata kidogo, bali *Ik weet niet of hij morgen komt*, kitenzi mwishoni. Na "of" hiyo hiyo ikiwa na maana ya "au", haihamishi kitu: *Ga je mee of blijf je thuis?*