Ukimya Si Ridhaa: Faragha na Mipangilio Chaguomsingi

Mipangilio chaguomsingi, yaani hali ambayo programu huwa nayo kabla mtumiaji hajabadilisha chochote, huamua kwa kiasi kikubwa hatima ya faragha yake, kwa kuwa watu wengi huiacha kama walivyoikuta, ama kwa kutojua kwamba inabadilika, ama kwa kuamini kwamba aliyeiunda programu amewachagulia lililo jema. Nguvu ya mpangilio wa awali ilionyeshwa mwaka 2003 na watafiti Eric Johnson na Daniel Goldstein, waliolinganisha nchi za Ulaya katika uchangiaji wa viungo vya mwili baada ya kifo: nchini Austria, ambako kila mtu alihesabiwa kuwa ameridhia mpaka akatae, kiwango cha ridhaa kilikaribia asilimia 100, ilhali katika nchi jirani ya Ujerumani, ambako mtu alipaswa kukubali mwenyewe, kilikuwa asilimia 12 tu.

Programu inapowashwa ikiwa tayari inakusanya mahali alipo mtumiaji au orodha ya alivyovitafuta, mwenye programu hupata taarifa za wote walionyamaza. Ukusanyaji huo ukiwa umezimwa, hulazimika kueleza nia yake na kuomba. Ridhaa ya kweli, ambayo ni kukubali kwa hiari jambo mahususi baada ya kulielewa, hupatikana kwa njia hii ya pili peke yake.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilithibitisha msimamo huo tarehe 1 Oktoba 2019 katika shauri la Planet49, kampuni iliyoendesha bahati nasibu mtandaoni na kuwapa washiriki kisanduku kilichokwisha kutiwa alama ya kukubali vidakuzi, yaani mafaili madogo ambayo tovuti huyahifadhi katika kifaa cha mtumiaji na ambayo yanaweza kutumika kufuatilia mienendo yake. Mahakama iliikataa ridhaa ya namna hiyo, kwa kuwa asiyeiondoa alama huenda hakuyasoma maelezo yake wala hakukiona kisanduku chenyewe. Iliamua pia kwamba mtumiaji aelezwe vidakuzi vitadumu kwa muda gani na iwapo watu wengine wataweza kuvifikia.

Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa itolewe kwa kauli au kwa tendo la wazi, na inaagiza kwamba, pasipo mtumiaji kugusa chochote, zichakatwe taarifa zile tu zinazohitajika kwa kila lengo mahususi.

Wapo wanaodai kwamba inatosha mtumiaji kuwekewa kitufe cha kuzima, lakini hoja hiyo humtwisha asiyejua kazi ya kugundua asichoambiwa, ilhali anayenufaika na taarifa ndiye anayejua zinakwenda wapi na kwa nini. Kwa hiyo wajibu wa kuuliza ni wake, na mpaka atakapojibiwa, programu haina budi kubaki katika hali inayomlinda mtumiaji.