Kutoka Bugarama hadi Nairobi: Namna ya kusoma saa za tiketi ya ndege

Kwa msafiri wa Bugarama, kusini magharibi mwa Rwanda, uwanja wa ndege wa karibu ni Kamembe, katika wilaya hiyo hiyo ya Rusizi. Kati ya uwanja huo na ule wa Kigali kuna takriban kilomita 147 kwa mstari ulionyooka. Kwa barabara inayopita msitu wa Nyungwe na mji wa Huye, umbali huzidi kilomita 220, na basi huchukua saa tano au zaidi.

Ndege huchukua takriban dakika 40. Kwa mwendo wa kilomita 500 kwa saa, safari hiyo ingepaswa kumalizika kwa dakika 18 tu. Tofauti hiyo inatokana na namna muda unavyohesabiwa: huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho, na hukoma inapoegeshwa tena. Ndani yake mna kusubiri ruhusa ya kuruka, kupaa, kupunguza mwendo na kutua. Katika safari fupi, ndege huenda kwa kasi yake kamili kwa dakika chache tu.

Ndiyo maana umbali ukiongezeka mara tano, muda hauongezeki mara tano. Kigali hadi Nairobi ni takriban kilomita 760, lakini safari huchukua kama saa moja na nusu.

Saa za mahali

Rwanda, sawa na Burundi na mashariki mwa Kongo, iko nyuma ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa saa moja. Tiketi huandika saa za mahali pa kuondoka na za mahali pa kufika. Tuseme ndege inaondoka Kigali 10:00 na kufika Nairobi 12:30. Kwa macho ni saa mbili na nusu. Kwa hakika ni saa moja na nusu. Wakati wa kurudi, safari hiyo hiyo huonekana kuwa ya nusu saa.

Mtego wa saa nane

Hatari kubwa zaidi iko katika lugha. Kiswahili, kama Kinyarwanda, huhesabu saa kuanzia macheo. Tiketi huhesabu kuanzia usiku wa manane. Hivyo 08:00 ni saa mbili asubuhi, nayo saa nane mchana huandikwa 14:00. Anayeisoma 08:00 kuwa saa nane mchana atafika ndege ikiwa imeondoka saa sita zilizopita.

Tarehe nayo huponza. Ndege ya 00:30, tarehe 10, huondoka saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 10. Abiria anapaswa kuwa uwanjani usiku wa tarehe 9.

Kwa anayeunganisha ndege Kigali, njia salama ni kuhesabu kinyumenyume: saa ya kuondoka Kigali, kisha muda wa ukaguzi, kisha safari ya kutoka Kamembe, na mwisho barabara ya kupanda kutoka bonde la Bugarama.