Mizani ya Ustahimilivu

Mtu apitaye Bustani ya Jeevanjee katikati ya Nairobi, akiwakuta wasemaji wa Bunge la Mwananchi, baraza la raia wa kawaida, wanabishana juu ya siasa, huyu akiilaani serikali na yule akiitetea, wala hapana aliyemkunja mwenziwe, huenda akadhani kwamba wenyeji wa mji huu wamejaaliwa ustahimilivu mkubwa. Wanazuoni wa siasa hawaridhiki upesi hivyo.

Mwaka 1954 mwanasosholojia Samuel Stouffer aliwauliza maelfu ya Wamarekani kama Mkomunisti aruhusiwe kuhutubia mjini mwao, na wengi wakakataa; miaka ya 1970 waliokataa walipungua, ikasemwa kwamba watu wamestaarabika. John Sullivan, James Piereson na George Marcus hawakukubali. Huenda, walisema mwaka 1979, Mkomunisti si adui wa kuogopwa tena. Basi kila mtu na ataje kwanza kundi alichukialo kuliko yote, ndipo aulizwe kama kundi hilo lipewe jukwaa. Kwa mizani hiyo, maendeleo yaliyosifiwa yalionekana haba mno. Tena kisomo kilionekana kuwa na nguvu ndogo kuliko ilivyodhaniwa, na khofu ya kudhuriwa na hasimu ikawa na nguvu kubwa. Kwa hiyo asijitape msomi wa Lavington, mtaa wa matajiri, mbele ya jirani yake wa Kawangware, mtaa wa watu wa kipato kidogo.

Mji wetu wafaa sana kwa kipimo hiki, maana mahasimu wa hapa hubadilishana viti. Tarehe 30 Januari 2018, kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipokula kiapo cha kuwa "rais wa wananchi" Uhuru Park, serikali ilizima matangazo ya vituo vya televisheni vya Citizen, NTV na KTN. Machi yake akapeana mkono na Rais Uhuru Kenyatta mbele ya Jumba la Harambee, na ilipofika Oktoba 2020 gesi ya kutoa machozi ilikuwa ikiwaangukia wafuasi wa Naibu wa Rais, William Ruto, huko Kenol, Murang'a. Ruto alipokalia kiti cha urais, mwaka 2023 gesi ikawarudia watu wa Raila. Kisha wawili hao wakatia saini mapatano katika Jumba la KICC Machi 2025, na Juni yake, siku ya maandamano ya vijana, Mamlaka ya Mawasiliano ikaamuru matangazo ya moja kwa moja ya maandamano hayo yakome, mpaka mahakama ilipoisimamisha amri hiyo. Kila zamu, kwa rai yangu, waliopaza sauti walikuwa aghalabu wenye kuumia siku hiyo, na walioumia jana wakatulia kama maji mtungini.

Lakini sheria haina zamu: Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya ya 2010 humpa kila mtu uhuru wa kusema, na ilipoweka mipaka, kama vile propaganda za vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki, haikutaja chama.